Kiungo wa Katikati

SOMO LA JUMA HILI

Soma: 1 Wakorintho 12:12–27, Yohana 1:40–42, 1 Samweli 30:21–25, Waefeso 4:16

Wazo kuu: Mungu hakumwita kila mtu afunge mabao. Wengine amewaweka katikati ili wengine wafike.



Kiswahili chetu kina neno moja linalofanya kazi mbili. Ukifungua 1 Wakorintho 12 utamkuta mtume Paulo akifundisha juu ya viungo: jicho, sikio, mkono, mguu. Ukifungua redio siku ya mechi, utamsikia mtangazaji akisema kiungo wa timu fulani ameumia, timu iko taabani. Ni neno lile lile. Mchezaji wa katikati tunamwita kiungo kwa sababu anaunga. Anawaunga mabeki na washambuliaji, kama goti linavyounga paja na muundi. Goti likigoma, hata kama paja lina nguvu na mguu una kiatu kizuri, huendi mahali.

Leo tutajifunza kutoka kwa kiungo mmoja ambaye vijana wetu wengi wanamjua, Victor Wanyama, na kaka yake McDonald Mariga, ambaye pia alikuwa kiungo. Hatuwaweki madhabahuni. Bwana wetu alifundisha kwa mpanzi, kwa mvuvi na kwa mchungaji wa kondoo, kwa sababu watu walizijua kazi hizo. Hapa kwetu Leparua, mtoto anayechunga mbuzi na mtoto anayekimbiza mpira wa matambara ni mtoto huyo huyo. Basi tutumie kile anachokijua.

1. Aliyetangulia alimshika mkono aliye nyuma

Mariga alizaliwa 1987, Victor 1991. Baba yao, Noah Wanyama, alichezea AFC Leopards. Wote wawili walipitia shule ya upili ya Kamukunji, Nairobi, shule iliyojulikana kwa mpira. Mariga ndiye aliyetangulia kwenda Ulaya, akaanzia Uswidi. Mwaka 2007, akiwa anachezea Helsingborg, mdogo wake naye alifika katika klabu hiyo hiyo. Mwaka huo huo Victor alikuwa ameichezea Harambee Stars kabla hajatimiza miaka 16.

Lakini sikieni yaliyofuata. Mariga aliendelea na safari yake, akajiunga na Parma ya Italia. Victor alirudi nyumbani Kenya. Kijana aliyekwisha kuonja Ulaya amerudi Nairobi, na watu wana midomo. Si mnajua vile tunasema mtu akirudi? "Huyo ameshindwa." Baadaye akaenda kujaribiwa Ubelgiji, katika klabu ya Beerschot. Akakubaliwa. Safari hii kaka hakuwepo kumtafsiria wala kumwonyesha njia.

Katika Yohana 1 tunasoma habari za Andrea. Andrea alimjua Bwana kwanza, kisha akamtafuta ndugu yake Simoni akamleta. Baadaye Simoni Petro akawa mkubwa kuliko yeye. Andrea hajaandikwa mahali popote akinung'unika. Mariga naye alimfungulia mdogo wake njia, na leo ukitaja Wanyama mahali pengi duniani watu wanamwelewa Victor.

Mpendwa, umemleta nani? Na yule uliyemleta akikupita, akishika kipaza sauti na wewe umebaki kupanga viti, moyo wako unasema nini? Hapo ndipo Andrea anapojulikana.

2. Mlango uliofungwa Manchester

Januari 2010, Manchester City ya Uingereza ilimtaka Mariga, na Parma ilikuwa tayari kumwachilia. Ingekuwa mara ya kwanza Mkenya kucheza Ligi Kuu ya Uingereza. Kilichokwama ni kibali cha kazi. Sheria za wakati huo ziliangalia nafasi ya nchi ya mchezaji katika orodha ya FIFA, na Kenya ilikuwa chini sana. Kosa halikuwa la miguu yake. Alizuiwa kwa sababu ya mahali alipotoka.

Watu wa kwetu wanalielewa jambo hili bila kufafanuliwa. Kuna kijana mwenye cheti amerudishwa kwa sababu ya anwani yake. Kuna mwingine ameulizwa, "Kwani Leparua iko wapi?" kabla hata hajaulizwa anajua nini.

Siku chache baadaye Mariga alisajiliwa na Inter Milan. Na msimu huo wa 2009–10 Inter ilichukua vikombe vitatu vikubwa: ligi ya Italia, Kombe la Italia na Ligi ya Mabingwa wa Ulaya. Mlango wa Manchester ulifungwa, akaingia nyumba iliyokuwa ikiandaa karamu.

Lakini tusikimbilie kupiga Amina tukaliacha hapo. Mahubiri mengi huishia hapo: mlango huu ukifungwa, mwingine mkubwa zaidi utafunguka. Wakati mwingine ni hivyo. Wakati mwingine mlango uliofungwa kwako unafunguka kwa mwingine aliye nyuma yako. Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipatikana 2013, miaka mitatu baadaye. Alikuwa Victor. Daudi alitamani kujenga nyumba ya Bwana, akaambiwa hapana, akakusanya mbao na chuma ili Sulemani ajenge. Kuna maombi unayoomba leo ambayo jibu lake litavaa nguo za mtoto wako.

3. Kazi isiyopigiwa makofi

Victor alikuwa kiungo mkabaji, ile tunayoita namba sita. Hebu tuielewe kazi hii, kwa sababu ndani yake kuna somo.

Straika anahesabiwa mabao. Kipa anahesabiwa mipira aliyookoa. Namba sita ukimwangalia juu juu unaweza kusema hafanyi kitu. Anasimama mbele ya mabeki. Adui akija anamziba njia, anamnyang'anya, kisha anatoa pasi fupi kwa mwenzake na kurudi mahali pake. Beki wa pembeni akipanda kushambulia, yeye anabaki kulinda pengo. Akifanya kazi yake vizuri, hatari haitokei, na hatari isiyotokea hakuna anayeishangilia.

Katika kanisa hili wako akina namba sita. Kuna mama anayefika kabla ya wote, anafagia, anafukuza mbuzi walioingia usiku. Kuna anayehakikisha maji yamefika siku ya ibada, na katika miezi ya ukame sote tunajua maji hayo yametoka umbali gani. Kuna mzee anayeamka saa tisa usiku kuombea watoto ambao si wake. Hatujawahi kuwaita mbele. Siku wakikosa kuja ndipo tunaona pengo.

Paulo anatufundisha kwamba vile viungo vinavyoonekana dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi, na kwamba Mungu ameupanga mwili ili kile kilichokosa heshima kipewe heshima zaidi. Waswahili nao walisema kidole kimoja hakivunji chawa.

Mara moja moja Mungu humtoa namba sita mafichoni. Tarehe 7 Novemba 2012, Celtic ya Scotland ilicheza na Barcelona mjini Glasgow. Barcelona walikuwa na Messi, na waliushika mpira karibu mechi nzima. Dakika ya 21 ilipigwa kona, Wanyama akaruka akaweka kichwa, bao. Hakuna Mkenya aliyewahi kufunga katika Ligi ya Mabingwa kabla yake. Mechi iliisha 2–1, Celtic wakashinda. Lakini baada ya kushangilia alifanya nini? Alirudi katikati, akaendelea kukaba kwa zaidi ya saa nzima. Bao halikumbadilishia kazi.

Mpendwa, Mungu akikuinua Jumapili moja, Jumatatu rudi mahali pako.

4. Klabu zilizozaliwa kanisani

Jambo hili huenda hukulijua. Klabu tatu kubwa ambazo Wanyama alichezea Uingereza na Scotland zote zina mizizi ya kanisa.

Celtic ilianzishwa Novemba 1887 katika ukumbi wa kanisa la St Mary's, Glasgow. Mwanzilishi alikuwa mtawa aliyeitwa Brother Walfrid, na shabaha yake ilikuwa kupata pesa za kulisha maskini wa mashariki ya mji ule, wengi wao wahamiaji kutoka Ireland waliokimbia njaa. Southampton, alikohamia 2013, ilianzishwa 1885 na vijana wa chama cha kanisa la St Mary's la huko, na mpaka leo mashabiki wanaiita Watakatifu. Tottenham, alikohamia 2016, ilianzishwa 1882 na wavulana wa shule, na rais wao wa kwanza alikuwa John Ripsher, mwalimu wa darasa la Biblia.

Tunajifunza nini? Kwanza, kanisa likiwapa vijana mahali na mwalimu mwenye subira, kitu kikubwa kinaweza kuota. Wavulana wale hawakufukuzwa kwa sababu wanapiga kelele. Mtu mzima mmoja alikubali kukaa nao. Wazazi wa Leparua, mtoto anayependa mpira si lazima awe amempa Bwana kisogo.

Pili, kitu kinaweza kuzaliwa kanisani kikakua na kusahau kilizaliwa kwa nini. Leo klabu hizi ni biashara kubwa ya mamilioni, na sina haja ya kuzihukumu. Swali ni letu. Kanisa letu lilianza kwa ajili ya nini? Tukipata mabati mapya na spika kubwa, je, mwenye njaa atakuwa bado anakaribia mlango wetu?

5. Benchi la Madrid

Tarehe 22 Mei 2010, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichezwa Madrid. Inter waliwafunga Bayern ya Ujerumani 2–0. Mariga alikuwa benchi. Hakuingizwa hata dakika moja. Akawa bingwa wa Ulaya.

Tarehe 1 Juni 2019, fainali ilirudi Madrid. Tottenham walicheza na Liverpool wakafungwa 2–0. Victor alikuwa benchi. Naye hakuingizwa. Na kumbuka, katika ile nusu fainali ya ajabu Amsterdam dhidi ya Ajax, ndiye aliyeanza katikati.

Ndugu wawili, mji mmoja, benchi. Mmoja akaondoka na ushindi bila kupiga mpira, mwingine akaondoka na kushindwa bila kukosea kitu.

Soma 1 Samweli 30. Watu 200 walichoka, wakaachwa nyuma kulinda vyombo. Wenzao waliporudi na nyara, baadhi walisema hawa wasipewe kitu. Daudi akakataa. Akaweka sheria katika Israeli kwamba aliyeshuka vitani na aliyekaa na vyombo watagawana sawa. Sheria hii wafugaji wanaielewa vizuri. Aliyebaki bomani kulinda ndama amefanya kazi sawa na aliyepeleka ng'ombe malishoni.

Lakini benchi lina upande wa pili. Ukiwa benchi na timu ikashindwa, ni rahisi kusema, "Mimi sikucheza, mimi simo." Hapana. Kiungo kimoja kikiumia, mwili wote unaumia. Huwezi kukaa benchi la kanisa ukihesabu makosa ya waliomo uwanjani kana kwamba wewe ni shabiki wa timu nyingine.

6. Kibao, kadi na goti

Msimu wa 2016–17 ulikuwa mzuri sana kwa Wanyama. Alicheza karibu mechi zote za ligi, na Tottenham wakamaliza nafasi ya pili kwa pointi 86. Mwaka huo wa 2017 alitembelea Tanzania, na barabara moja ya Ubungo, Dar es Salaam, ikapewa jina lake. Kibao kikawekwa, picha zikapigwa. Muda si muda kibao kikaondolewa, ikisemekana utaratibu haukufuatwa. Utukufu wa wanadamu ndio huo! Asubuhi una barabara, jioni huna.

Mwezi wa nane mwaka huo huo akaumia goti. Akakaa nje miezi. Alirudi, na Februari 2018 akafunga bao la kombora kule Anfield katika sare ya 2–2 na Liverpool, lakini majeraha yaliendelea kumrudisha nyuma. Machi 2020 alihamia Montreal, Kanada, akakaa mpaka mwisho wa 2024, na 2021 timu hiyo ikachukua kombe la Kanada. Mwaka 2025 akarudi Scotland, katika klabu ndogo zaidi ya Dunfermline, ambako kocha alikuwa Neil Lennon, yule yule wa siku za Celtic. Mlango wa zamani haukuwa umefungwa, kwa sababu aliondoka pale vizuri.

Na kadi? Zipo. Akiwa Southampton, msimu wa 2015–16 alitolewa uwanjani zaidi ya mara moja. Namba sita anaishi karibu na kadi, kwa sababu kazi yake ni kugongana na watu. Bidii ikizidi kipimo, inawaachia wenzako kazi ya kucheza kumi. Wapo wapendwa wenye bidii ya aina hii. Wanaitetea kweli mpaka wanaumiza watu, kisha wanaondoka kwa hasira, na pengo wanaliziba waliobaki. Bidii bila kiasi si karama.

7. Katikati ya Leparua

Sasa tufike nyumbani, kwa sababu somo hili halikuandikwa ili tujue habari za Ulaya.

Sisi tunaishi katikati. Hapa kuna Wasamburu na Waturkana, na ukienda Isiolo mjini unakutana na Waborana, Wasomali na Wameru. Malisho ni machache, maji ni machache, na ukame ukikaza kila mtu anaangalia kisima kile kile. Tunajua usiku wa kusikia mifugo imechukuliwa. Tunajua jinsi asubuhi inavyokuwa.

Kiungo mzuri ana desturi moja ambayo makocha humfundisha tangu utoto. Kabla mpira haujamfikia, anageuza shingo kuangalia nyuma yake. Anataka kujua nani yuko wapi, ili mpira ukifika asiupige ovyo. Na mpira anaopokea mara nyingi ni mbaya, unadunda, una vumbi. Kazi yake ni kuutuliza na kuutoa ukiwa mzuri kuliko ulivyokuja.

Simu yako italia usiku. Utaletewa habari ya moto: "Ni wale wamechukua, tumewaona." Huo ni mpira wa moto. Utaupiga hivyo hivyo kwenye makundi ya WhatsApp? Au utageuza shingo kwanza, uulize, usubiri, umpigie mzee, ukumbuke kwamba upande ule mwingine kuna mtu mnayeshiriki naye meza ya Bwana? Neno moja lililotulizwa katikati linaweza kuokoa mtoto wa mtu. Neno moja lililorushwa ovyo linaweza kumzika.

Anayesimama katikati hupigwa na pande mbili. Wako watakuita msaliti, na wale watakuita jasusi. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa kiungo. Bwana wetu alisimama katikati ya Mungu na watu, na mikono yake inajua gharama hiyo.

Na vijana, neno moja kwenu. Kupenda mpira si dhambi. Lakini kuuza mbuzi wa mama ili kubeti mechi, hiyo ni kuifanya kazi ya miguu ya mtu mwingine kuwa mungu wako. Wanyama hakupata kwa kubahatisha. Alipitia Kamukunji, akaenda Uswidi, akarudi, akaanza tena Ubelgiji, na ni miaka sita kutoka Helsingborg mpaka Southampton.

Mwaka 2019 aliiongoza Harambee Stars kama nahodha kwenye Kombe la Afrika kule Misri, mara ya kwanza Kenya kufika huko tangu 2004. Waliifunga Tanzania 3–2, wakafungwa na Algeria na Senegal, wakarudi nyumbani mapema. Timu hizo mbili zilizowafunga ndizo zilizokutana fainali. Nahodha hapimwi kwa kikombe peke yake. Hupimwa pia kwa namna anavyowarudisha watu wake nyumbani baada ya kushindwa.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Taja mtu mmoja katika kanisa letu anayefanya kazi isiyoonekana. Juma hili mtamheshimu kwa tendo gani, si kwa maneno tu?
2. Ni mlango gani ulifungwa kwako? Je, unaweza kumshukuru Mungu ikiwa utafunguka kwa mwingine?
3. Ukiwa "benchi", unawaombea walio uwanjani au unawahesabia makosa?
4. Mara ya mwisho ulipopokea habari ya moto, uliipiga vipi?

OMBI

Baba, tunakushukuru kwa mahali ulipotuweka. Wale wa mbele wape unyenyekevu, wa nyuma wape uvumilivu, na sisi wa katikati tupe shingo ya kugeuka na ulimi wa kutuliza. Utufanye viungo vinavyounga katika Leparua yetu. Utupe mvua, na kabla ya mvua utupe amani. Katika jina la Yesu. Amina.

Kariri kabla ya Jumapili: Waefeso 4:16.